Antibiotiki baada ya kung'olewa jino

Ukishang'olewa jino hapa Bukavu, usipitie soko la Kadutu kununua vidonge vya amoksisilini kwa kukisia, kwa kuwa mtu mwenye afya njema ambaye kidonda chake hakina usaha kwa kawaida hahitaji antibiotiki. Maumivu ya siku za kwanza hutulizwa kwa parasetamoli, na baada ya saa 24 kinywa husukutuliwa polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Daktari wa meno akikuandikia antibiotiki, mweleze kwanza kama penisilini, jamii ya amoksisilini, iliwahi kukuletea vipele au kukubana pumzi, kisha uzimeze kwa saa na siku alizopanga, bila kumgawia jirani. Anayetumia metronidazoli, antibiotiki nyingine, asiguse kasiksi, yaani pombe ya ndizi. Ukipata homa, uvimbe unaoongezeka au ugumu wa kumeza, rudi hospitalini siku hiyohiyo.