Jinsi ya kufanya staa unayemkubali akuone mtandaoni bila kumsumbua

Mi nachora picha za penseli, niko Mwanza, na kuna mchekeshaji wa mtandaoni namkubali sana tangu anaanza, mwaka jana aliiweka kazi yangu kwenye stori yake. Tangu hapo watu wananifata dm wanauliza nilifanyaje, sasa naweka yote hapa.

Hatua ya 1: fungua akaunti yako. Insta yako ikiwa private hata umtaje kwenye stori mara ishirini yeye hawezi kuirudishia kwake, ile batani ya kuongeza kwenye stori haimtokei. Weka public, na hizo posti za juu ziwe kazi zako, sio picha za harusi ya binamu.

Hatua ya 2: acha kuomba. "Nione basi kaka", "naomba sapoti", hizo anaziona kila siku. Na dm ya mtu asiyekufollow inaenda kwenye maombi ya meseji, huko ndo kumejaa. Mi nilikaa miezi miwili nakomenti tu vitu vya maana kwenye video zake, kwamba hapa ulivyonyamaza kabla ya kujibu ndo nimecheka, basi. Mtu anajua kabisa huyu kaangalia mpaka mwisho.

Hatua ya 3, na hii ndo yenyewe. Fanya kitu kinachoonyesha umeielewa kazi yake. Wachoraji wengi tunakimbilia kuchora sura ya staa, na sura yake ameshachorewa mpaka basi. Huyu jamaa anaigiza konda wa daladala, nikairudia ile video nikaona ameshika noti kama makonda wenyewe, zimekunjwa kwa urefu zimebanwa katikati ya vidole. Nikachora ule mkono tu, hakuna uso, kucha na mikunjo ya noti, na mashabiki zake wakamjua palepale, wao ndo walioanza kumtag kabla yangu.

Muangalie Kili Paul, yuko kijijini mkoa wa Pwani na shuka lake la Kimasai, anafatisha nyimbo za Kihindi mdomo unaenda sawasawa na maneno, na Wahindi wanajua maneno yao, huwezi kuwadanganya. Februari 2022 ubalozi wa India hapa Tanzania ukampa heshima na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja kwenye kipindi chake cha redio. Kilichombeba ni ule umakini, ndo maana nawaambia msiharakishe.

Hatua ya 4: rekodi vizuri. Simu naiegemeza kwenye sufuria juu ya meza, dirisha liwe kushoto kama unachora kwa mkono wa kulia ili kivuli cha mkono kisifunike kazi. Video isimame wima, iwe fupi, na picha iliyokamilika ionekane mwanzoni kabisa, watu hawasubiri.

Hatua ya 5: posti kwenye ukurasa wako kwanza, halafu weka stori umtaje mara moja tu. Stori inakaa masaa 24 inapotea, kwahiyo subiri siku ambayo unaona yuko hewani anajibu watu. Asipojibu usirudie kumtaja na picha ileile, chora nyingine.

Hatua ya 6: akikurudishia, mshukuru kwa mstari mmoja, usimuombe hela wala konekshen siku hiyohiyo, na kesho yake posti kazi mpya maana wageni ndo wanaingia.

Na tafadhali sana kuweni makini na matapeli. Usiku uleule alioweka kazi yangu kwenye stori zilinifata akaunti tatu zina picha yake, moja inasema ni meneja wake, ananitaka nitume elfu thelathini ya usajili ili nichorewe mkataba. Tiki ya bluu siku hizi inalipiwa, usiitegemee peke yake, soma jina herufi kwa herufi ulinganishe na lile unalolifollow siku zote. Ile ya meneja ilikuwa na "a" mbili mwishoni, nikairipoti nikablock.