Kupanga Kozi za Primedi Marekani: Hesabu Saa Kwanza, Krediti Baadaye

Wiki ina saa 168. Iandike namba hiyo juu ya karatasi kabla hujagusa ukurasa wa kusajili kozi, kwa sababu mshauri wa masomo atakuongelesha kwa krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi, na krediti hazisemi ukweli wote.

Nawaandikia wadogo zangu mlioko vyuo vya Marekani, hasa hapa Texas, mnaoutaka udaktari. Kuna mliokuja na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, kutoka Dar au Nairobi, na kuna mliokulia Fort Worth na Abilene baada ya wazazi kuletwa kutoka kambi za wakimbizi. Mimi nilisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) Tanga, shahada nikaichukulia Texas huku nafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, usiku kwenye nyumba ya wazee, na sasa niko mwaka wa tatu wa shule ya udaktari. Kila Agosti simu yangu hujaa ratiba za watu. Nyingi nazirudisha zikiwa zimepungua kozi moja.

Primedi si shahada. Kwetu ukifaulu vizuri PCB unaingia MD, shahada ya udaktari, moja kwa moja: miaka mitano, kisha mwaka wa mazoezi. Huku unasoma kwanza shahada ya miaka minne ya kitu chochote, hata historia, mradi ndani yake upitie kozi zinazotakiwa na shule za udaktari. Biolojia, kemia ya jumla, kemia ogania na fizikia, kila moja kwa kawaida mwaka mzima na maabara yake. Kisha biokemia, takwimu na Kiingereza cha kuandika. Ongeza saikolojia na sosholojia, maana MCAT, mtihani wa kuombea shule ya udaktari, unazigusa tangu 2015. Orodha hutofautiana kidogo kati ya shule na shule, kwa hiyo fungua za shule tano unazozitamani uzilinganishe. Kama Form Six yako imekupa krediti za kemia chuoni, zifurahie kimya kimya, lakini kemia isome upya: shule nyingi za udaktari zinataka masomo hayo ya msingi yawe yamesomwa chuo cha Marekani au Canada.

Na hakuna sapu. Ukianguka huku hakuna mtihani wa kujiokoa mwishoni mwa mwaka. Unarudia kozi nzima kwa ada mpya, na alama ya mwanzo haifutiki. Chuo chako kinaweza kuiondoa kwenye GPA yake, yaani wastani wa alama zako, lakini AMCAS, mfumo wa maombi wa shule nyingi za MD, unahesabu alama zote mbili, na TMDSAS, mfumo wa Texas, vilevile. Piga hesabu mwenyewe: umepata C kwenye kemia ya krediti 4, ukairudia ukapata A. Mbele yao una krediti 8 zenye wastani wa 3.0, kwa kuwa A ni 4 na C ni 2. Umelipa mara mbili, umetumia mihula miwili, ukaambulia B. Wakati huohuo wastani wa GPA wa wanaoingia shule za MD unakaribia 3.8.

Sasa turudi kwenye karatasi.

Kipimo cha vyuo ni kwamba kila krediti ina saa moja darasani na saa mbili za kujisomea. Historia ya krediti 3 ni saa 9 kwa wiki. Maabara ndiyo inayodanganya. Kwenye ratiba imeandikwa krediti 1, ila unasimama humo saa tatu umevaa miwani ya plastiki, na ukitoka una ripoti ya kuandika. Kemia na maabara yake, krediti 4 kwa maandishi, mimi huihesabu saa 14 au 15 kwa wiki kwa mtu anayetafuta A. Ogania huizidi.

Chukua muhula wa krediti 14 unaoonekana wa kistaarabu: kemia na maabara, biolojia na maabara, Kiingereza, takwimu. Hizo ni kama saa 47. Weka zamu tatu za usiku, saa nne usiku hadi kumi na mbili asubuhi: saa 24. Usingizi wa saa saba kila siku: 49. Umefika 120. Zimebaki 48 za basi, kupika, kufua, ibada na simu ya mama. Inawezekana, ila ni ratiba isiyo na nafasi ya msimamizi wa zamu kukupigia Alhamisi kwamba kuna mtu hakuja. Ukibandika kozi nyingine ya maabara juu yake, zinabaki kama 33, na kuanzia wiki ya tano unakopa usingizini.

Kwenye karatasi hiyohiyo andika na yale ambayo mshauri wako hatakuuliza kwa sababu hayajui: vikao vya harusi, kuwatafsiria wazazi hospitalini na shuleni kwa wadogo zako, foleni ya ofisi za misaada, kumfundisha baba maswali ya leseni ya udereva. Nawajua vijana wa Kikongo ambao ndio mdomo wa nyumba nzima. Hizo ni saa tano au sita za kila wiki, na lazima zionekane. Halafu msizione kama mzigo mtupu. Fomu ya AMCAS ina nafasi 15 za kueleza kazi na shughuli zako, na kutafsiri kunaingia humo, na CNA ya kulipwa pia inaingia. Kuna watu wanaacha kazi ya kugusa wagonjwa ili wakajitolee bure hospitalini wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Kaa na kazi yako.

Jumla ya krediti haina uzito kama namna unavyozichanganya. Kanuni yangu ni kozi mbili za maabara kwa muhula, basi. Ogania na fizikia usizikutanishe kama unafanya kazi zaidi ya saa kumi kwa wiki. Nyingine zote ziwe za kusoma na kuandika, au za takwimu.

Kwa anayeanza na hesabu zisizo imara, muhula wa kwanza uwe kemia ya kwanza na maabara, hesabu, Kiingereza na historia: krediti 13. Biolojia isubiri Januari. Watu wa PCB hapa hujiona wameonewa, kwa kuwa kemia ile wanaijua. Kweli mnaijua. Msichokijua ni maswali ya kuchagua hamsini ndani ya dakika hamsini, jaribio kila wiki, kazi za mtandaoni zinazofungwa saa sita kamili usiku, na mwalimu anayetoa mitihani minne inayohesabiwa yote. Huku kukesha wiki ya mwisho na madesa hakukuokoi, maana sehemu kubwa ya alama imeshatoka kabla ya hapo. Muhula mmoja wa kuzoea mwendo huo, ukiwa na somo unalolimudu, unakupa A na unakupa adabu ya ratiba.

Muhula wa pili: kemia ya pili, biolojia ya kwanza, Kiingereza cha pili, takwimu. Mwaka wa pili: ogania pamoja na biolojia ya pili, halafu ogania ya pili na jenetiki, pembeni saikolojia na sosholojia. Mwaka wa tatu: fizikia na biokemia. Mpango huu unakupa krediti 13 au 14 kwa muhula, na shahada inataka 120. Pengo lijazwe kiangazi. Vyuo vya umma vya Texas vina krediti 42 za kozi za msingi zinazohamishika kutoka chuo kimoja hadi kingine, kwa hiyo HIST 1301 (historia) au GOVT 2305 (serikali) zichukulie chuo cha jamii karibu na nyumbani kwa ada ndogo. Namba zenyewe zinasaidia: tarakimu ya pili ni krediti, ndiyo maana CHEM 1311 ni darasa na CHEM 1111 ni maabara yake. Uliza ofisi ya chuo chako kabla hujalipa, upate jibu kwa maandishi. Kozi ambayo sikushauri kuipeleka kiangazi ni ogania. Muhula mzima ukisukumwa ndani ya wiki tano au sita, kila siku ni sura mpya.

Vyuo vingine vinatoza ada moja kuanzia krediti 12 hadi 18, na hapo baba anauliza kwa nini usichukue za bure. Mwonyeshe ile hesabu ya C iliyorudiwa.

Tarehe mbili ziandike kwenye kalenda siku silabasi inapotoka. Ya kwanza, kwa vyuo vya umma vya Texas katika muhula mrefu, ni siku ya 12 ya masomo. Ukiacha kozi kabla haijapita, haionekani kwenye matokeo yako. Baada ya hapo inabaki W, alama ya kwamba ulijitoa, na sheria ya jimbo inakuruhusu kuacha kozi sita tu kwa shahada yako nzima. Ya pili ni siku ya mwisho ya kuchukua hiyo W. Kabla yake uwe umeona walau mtihani mmoja mkubwa. Kama umepata chini ya wastani wa darasa, nenda ofisini kwa mwalimu na karatasi yako, mpitie swali moja moja. Kama kosa ni la kusoma swali haraka, endelea. Kama misingi haipo na zamu haziwezi kupungua, chukua W. W moja haimzuii mtu. Mlolongo wa W kila muhula ndio unaoulizwa.

Ila kabla ya kuacha chochote, angalia umesimama wapi. Mwenye F-1 lazima abaki na krediti 12, na kozi ya mtandaoni inayohesabiwa humo ni moja tu. Ukitaka kushuka chini ya hapo, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikuidhinishe kwanza, wewe ndipo uache kozi. Ukitangulia kuacha, hadhi yako imeharibika. Zamu za nyumba ya wazee nazo si zenu: mnaruhusiwa kazi za ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea. Na mapema, mwaka wa kwanza, tengeneza orodha ya shule za udaktari zinazopokea wasio raia na wasio na kadi ya kijani. Ni chache, na baadhi hutaka uonyeshe fedha za miaka kadhaa. Nyinyi wenye kadi ya kijani au uraia mnaopata Pell, ule msaada wa ada wa serikali, mkishuka chini ya 12 fedha hupungua, na kozi nyingi mno zilizoachwa zinaweza kukukatisha msaada, kwa kuwa chuo hutazama umekamilisha sehemu gani ya krediti ulizozianza.

MCAT ihesabu kama kozi, tena kozi nzito. Mtihani una sehemu nne, maswali 230, na ukiwa na mapumziko unakaa pale karibu saa saba na nusu. Alama zinaanzia 472 hadi 528. Uweke baada ya biokemia, na muhula huo uwe na krediti 12 au kiangazi kitupu. Sehemu inayowaumiza watu wetu ni ya kusoma vifungu na kuvihoji, maana haina madesa: falsafa, sanaa, siasa, dakika 90. Dawa yake inaanza mwaka wa kwanza, kwa kuchagua kozi za kusoma sana badala ya zile zinazosifiwa kuwa rahisi. Darasa dogo la falsafa lilinifaa kuliko kitabu chochote cha maandalizi, na mwalimu wake ndiye aliyeniandikia barua nzuri kuliko zote. Barua mbili za walimu wa sayansi utazihitaji pia, na katika ukumbi wa watu 300 hakuna anayekujua usipokwenda ofisini kwake.

Maombi ya AMCAS hufunguliwa Mei na kuanza kupokelewa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, zaidi ya mwaka mmoja kabla hujaingia. Kwa hiyo ukitaka kuunganisha bila kupumzika, kila kitu kiwe tayari mwisho wa mwaka wa tatu. Kwa mtu anayefanya kazi usiku na kulea nyumba, mimi sioni haja. Wengi wanaoingia siku hizi wamekaa mwaka mmoja au zaidi baada ya shahada, na hakuna anayewauliza. Wazazi ndio wataumia, kwa sababu wamezoea hesabu ya Muhimbili na shangazi ameshatangaza. Waeleze kabla ya muhula wa kwanza, si siku ya mahafali: shahada miaka minne au mitano, mwaka wa kujipanga, shule ya udaktari minne, kisha mafunzo hospitalini kuanzia mitatu. Wakishaziona namba zote pamoja, mwaka mmoja unaoongezeka pale mwanzoni hauwashtui sana.

Ukienda kwa mshauri, nenda na karatasi ya saa 168 iliyojazwa. Atakuambia 15 ndiyo kawaida, kwa kuwa 15 mara mihula minane ni 120. Mwonyeshe zamu zako na kiangazi chako, muulize ni kozi ipi itafunguliwa tena muhula ujao na ipi hutolewa mara moja kwa mwaka. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo litakaloamua uanze na ipi.