Unauza mtandaoni ukiwa Lamu? Hesabu boti kwanza

Watu wananiuliza sana hapa Langoni, we dada unauzaje kofia mpaka Eldoret na hujatoka Amu (ndio Lamu hii), na nikianza kuwaeleza wanataka niwafungulie akaunti ya soko la mtandaoni tu basi, wanadhani kazi ni hiyo. Akaunti ni jambo dogo, unataka kitambulisho, PIN ya KRA (namba yako ya kodi), namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako na mahali pa kuingiziwa pesa, unajaza, unangoja wakukubali, kwisha. Kazi yenyewe ni kumfikishia mtu kitu kilekile ulichomuonyesha siku ileile ulomwambia, na sisi tuko kisiwani. Ntaanza na hapo mana ndipo wenzangu wengi wanapoangukia.

Kabla hujapiga hata picha moja, chukua kitu kimoja, kifunge vizuri, mtumie jamaa yako Nairobi kisha uandike kila shilingi na kila siku. Mzigo wangu unatoka nyumbani kwa mkono mpaka jeti ya boti, unavuka kuenda Mokowe upande wa nchi kavu, pale unaingia basi, Witu, Garsen, Malindi mpaka Mombasa, ndio sasa ufike kwenye kituo cha soko au upande gari lengine la bara. Kuna nauli ya boti, kuna waibili ya basi, ile pesa ya kusafirisha mzigo, kuna na mtu wa kuupokea Mombasa kama huna ndugu huko. Na basi zetu zinaondoka mapema, kwa hivo order ikiingia saa nne asubuhi basi lishakwenda, huo ni mzigo wa kesho hata ukimbie vipi. Halafu kuna mvua. Ile El Niño ya mwisho wa 2023 maji ya mto Tana yalifunika barabara pale Lango la Simba tukakatika kabisa, magari hayapiti, na wateja wa bara hawajui habari ya Lango la Simba, wao wanaona tu order haijafika.

Ndio nasema hivi, soko likikuuliza unahitaji siku ngapi kuandaa order usiandike moja ili uonekane mwepesi. Andika tatu, andika nne, andika zile ulizozipima mwenyewe. Ukichelewa mfumo unahesabu, order inaweza kufutwa na duka lako linasukumwa chini watu hata hawalioni, lakini mteja alosoma siku nne akapata siku ya tatu anafurahi wallahi, anakuandikia maneno mazuri. Mimi vitu vinavyotoka haraka, zile kofia za mashine, naweka kidogo kwa binamu yangu Mombasa, order ikiingia yeye anapeleka siku hiyohiyo. Za mkono zabaki Amu.

Sasa soko lipi. Yako ya aina mbili na watu wanayachanganya. Kuna kama Jumia na Kilimall ambapo mteja anaagiza humo ndani, pesa inapita kwao na wao wanakata yao kabla hujapata yako. Halafu kuna ya matangazo, Jiji au Facebook Marketplace, unaweka picha na bei, mteja anakupigia, mnakubaliana nyinyi wawili namna ya kulipana na kufikishiana. Ukiwa unauza kitu kidogo chepesi kama kofia, vikuku, viatu vya ngozi vya Siyu, mikeka midogo ya Matondoni, ya kwanza yanafaa. Ukiwa fundi wa milango ya nakshi au viti vikubwa, nenda kwenye matangazo, mana mlango hauwekwi kwenye bahasha na mteja wake atataka kuzungumza na wewe wiki nzima kabla hajatoa pesa. Kuhusu achari na vyakula vya kufungasha, anza na vitu visivyolika kwanza huku ukishughulikia alama ya KEBS, wale wa viwango, na karatasi za afya za kaunti, usianze kuuza chakula bila hizo.

Bei ndio inaniumiza roho nikiona wenzangu wanavyofanya, mtu anauza anauza anafurahi order ni nyingi, mwisho wa mwezi hana kitu. Hebu tuhesabu. Tuseme kofia ya vito, ile ya vitobo, ya mkono mshonaji umemlipa 2,500, kuifunga 60, boti na basi 250. Hiyo ni 2,810. Tuseme soko linakata asilimia 15. Ukiiuza 3,500 wanachukua 525, unabaki na 2,975, faida yako ni 165, na kofia moja ikirudishwa ushakula faida ya kofia nyingi. Ukitaka faida ya 590, yafaa ubaki na 3,400, sasa usiongeze asilimia 15 juu yake, hilo ndilo kosa la wengi, ukifanya hivo unapata 3,910, wao wakikata yao unapungukiwa na kama shilingi 76. Gawanya 3,400 kwa 0.85 upate 4,000. Na makato hayafanani, viatu vina yake, nguo zina yake, ingia usome kila aina ya bidhaa kabla hujaweka bei. Ukiona 4,000 ni kubwa usikimbilie kumpunguzia mshonaji, yule mtu amekaa na sindano miezi, tafuta kupunguza kwenye safari, tuma kofia sita kwa pamoja waibili ni moja.

Picha huhitaji kamera. Futa kile kioo kidogo cha kupigia picha nyuma ya simu kwanza, kina mafuta ya mkono siku zote. Piga asubuhi kwenye kivuli cha baraza, jua la mchana linaifanya kofia nyeupe ing'ae mpaka vile vitobo havionekani, na vitobo ndio vyenyewe, ndio mtu analipia. Ukuta wa chokaa nyuma watosha. Kofia ijaze karatasi ndani isimame. Piga ya mbele, ya juu, ya karibu kabisa uzi uonekane, ya ndani mteja aone kazi ya mkono, na moja yenye futi ya fundi cherehani imezungushwa namba isomeke. Hiyo ya mwisho usiiache hata siku moja.

Ntawaambia kwa nini. Mwaka wangu wa kwanza niliandika "saizi kubwa" basi, mama mmoja wa bara akanunua kwa ajili ya mumewe, ikafika haimwingii, tena imepondeka imekuwa kama chapati mana nlikuwa nimeitia kwenye mfuko wa plastiki peke yake. Akairudisha, akanipa nyota moja, akaandika kwamba nimemuuzia kitu cha zamani. Nililia siku hiyo. Mamangu akaniambia ndoo utukue kofia zako zote tuzipime, tukakaa mpaka usiku tunapima moja moja, inchi 21, 21 na nusu, 22, 22 na nusu, mpaka 23. Kesho yake nikamjibu yule mama palepale kila mtu aone, nikamwambia kosa ni langu, sikuandika kipimo na sikuifunga vizuri, nimeshabadilisha, na nikamtumia ya saizi yake kwa pesa yangu. Alirudi kununua mbili za wanawe. Tangu hapo kofia zinaingia kwenye boksi gumu, ndani karatasi, juu mfuko wa kuzuia maji mana boti ina marasharasha, na kwenye maelezo nimeandika namna ya kujipima, zungusha futi juu ya masikio katikati ya paji la uso, soma inchi.

Kwenye jina la bidhaa andika yale maneno mtu anayoyatafuta, sio maneno ya kujisifu. "Kofia nzuri kali" hakuna anayeitafuta. Andika "Kofia ya vito ya mkono, nyeupe, uzi wa kahawia, inchi 22". Na kama ni ya mashine sema ya mashine. Tafadhali jamani hili nawaomba kwa moyo wangu wote, tukianza kuuza ya mashine kwa jina la mkono tutawaua washonaji wetu wote, mana mteja akidanganywa mara moja haamini tena kofia yoyote ya Amu.

Ujumbe ujibu haraka hata kama ni "iko?" tu. Mtu anayeuliza yuko na maduka mengine matano wazi kwenye simu yake, wa kwanza kumjibu ndiye anayepata. Kwenye WhatsApp Business unaweza kuweka majibu tayari ya bei, saizi na siku za kufika, unagusa tu inakwenda. Lakini kama order ilianzia ndani ya soko imalizie humohumo, usimtoe mteja nje ili ukwepe makato, ukigunduliwa unaweza kufungiwa duka, na mkikosana hakuna wa kuwaamua.

Wezi nao wapo. Ukiuza kwa matangazo usitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji, angalia salio lako mwenyewe, meseji ya kweli inatoka kwa MPESA sio namba ya mtu. Akija mwengine akasema ametuma kwa makosa umrudishie, usimtumie wewe, mwambie apeleke ile meseji yake 456 Safaricom wamshughulikie. PIN ya M-Pesa haombi mtu yeyote, hata akisema ni afisa wa soko. Pesa za biashara nazo zitenge, till au Pochi la Biashara ya M-Pesa, usichanganye na ya nyumbani, utashindwa kujua umeuza nini. Na ukishakuwa na PIN ya KRA faili ritani kabla ya 30 Juni kila mwaka. Mauzo yakivuka milioni moja kwa mwaka kuna ile kodi ya mauzo ya asilimia 3, na ni kwa mauzo yote sio faida, kwa hivo itie kwenye bei mapema.

La mwisho ni msimu, na kwa sisi msimu hautembei na kalenda ya ukutani. Ramadhani inarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, ukiweka order kwa washonaji mwezi uleule wa mwaka jana ushachelewa. Mimi nahesabu kwa miezi yetu. Mfungo Sita, Maulidi yakiisha na wageni wakiondoka, napeleka vitambaa kwa washonaji, inshallah Rajabu zinaanza kurudi, zinafuliwa, zinatiwa wanga, zinapigwa picha, Shaabani katikati ziko dukani zote mana ndipo watu wanapoanza kutafuta. Ikifika Ramadhani 20 order za bara nazizima, nabadilisha stoku isome sifuri kwa zile za mkono, nabaki na wa Malindi na Mombasa mpaka 25, na anayeuliza baada ya hapo namwambia haitamfikia kabla ya Idi, hata akiwa na pesa mkononi.