Vipindi vijipange vyenyewe kwenye Jellyfin, programu ya kupanga na kutazama video zako
Hapa Kigoma tamthilia nyingi hutufikia kwa flashi zikiwa na majina ya ovyo kama “ep 7 mpya”. Tengeneza folda yenye jina la tamthilia, ndani yake weka folda ya “Season 01”, kisha kila faili lipe alama ya msimu na kipindi, kwa mfano S01E07, kwa kuwa programu huisoma alama hiyo na kuvuta kichwa na muhtasari kutoka kwenye hifadhidata ya mtandaoni. Vipindi maalumu viende “Season 00”. Njia hii hukwama pale mpangilio wa vipindi kwenye DVD unapotofautiana na ule wa kurushwa hewani: namba zitakaa sawa, lakini muhtasari utakuwa wa kipindi kingine kabisa, hivyo linganisha kwanza vipindi viwili vitatu.