Akti ya kuzaliwa ndani ya siku 90: kwa mama mwenye biashara yake, Lubumbashi

Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa mama mwenye mkataba wa kazi wiki 14 za likizo ya uzazi na theluthi mbili za mshahara. Mama anayeuza mboga Soko la Kenya, au anayeshona nguo nyumbani Katuba, hana mwajiri. Likizo yake anajilipia kwa akiba na kikelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu), na wengi wanarudi mapema kwenye meza ya biashara. Hapo ndipo akti ya mtoto, yaani karatasi ya serikali inayoandikisha kuzaliwa kwake, inaposahaulika, na muda wa kuiandikisha bure unapita. Fanya kazi hii ungali nyumbani.

Maandalizi yaanze mimba ikiwa bado tumboni. Katika kikelemba, omba zamu yako iangukie mwezi wa kuzaa. Jina la mtoto likubaliwe mapema na liandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa: jina, postinomu (jina la pili), kisha prenomu (kama jina la ubatizo).

Usitoke matenite (hospitali ya kuzalia) bila cheti cha kuzaliwa kutoka kwao. Kisome palepale: majina ya wazazi, jinsia ya mtoto, tarehe, saa, sahihi na muhuri. Kosa linasahihishwa kwa dakika chache aliyekuandikia akiwa bado zamu. Baada ya mwezi mmoja utamtafuta. Na elewa vizuri: cheti hicho si akti. Mama wengi wanakifungia sandukuni wakidhani wamemaliza, kumbe mtoto bado hajaandikwa popote serikalini.

Sasa hesabu siku. Usihesabu miezi mitatu, hesabu siku 90. Mtoto aliyezaliwa tarehe 3 Machi, siku yake ya 90 ni tarehe 1 Juni. Anayengoja tarehe 3 Juni amechelewa kwa siku mbili. Andika tarehe hiyo ukutani, kisha panga kwenda ndani ya mwezi wa kwanza, maana afisa anaweza kukosekana au karatasi moja ikapungua ukarudishwa.

Ofisi ni ya etasivili, inayoandika kuzaliwa, ndoa na vifo, kwenye komini, yaani serikali ya sehemu ya mji. Lubumbashi ina komini saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Ikiwa unakaa komini moja na ulizaa katika nyingine, sema hivyo kabla hawajaanza kuandika. Beba cheti cha matenite, kadi za mpiga kura za baba na mama, cheti cha ndoa kama kipo, na fotokopi za vyote. Nenda na watu wazima wawili wenye kadi zao, wasije wakakudai mashahidi ukalazimika kurudi siku nyingine.

Si lazima mama aende mwenyewe. Baba anaweza kutangaza kuzaliwa, na ndugu wa karibu pia, hata mkunga au daktari aliyezalisha. Kama una mshono wa kupasuliwa, mtume baba au bibi wa mtoto. Lakini ikiwa hamjafunga ndoa, afadhali baba afike yeye mwenyewe, kwa sababu kumkubali mtoto ni tamko lake, na mtu mwingine hawezi kulisema kirahisi badala yake.

Kabla ya sahihi, soma rejista neno kwa neno, au msomewe kwa sauti. Herufi moja ikikosewa kwenye akti inaweza kuwafikisha tribinali (mahakamani), na mtoto ataiona tena siku ya mitihani ya Serikali au ya kuomba paspoti. Kuandikisha ndani ya siku 90 ni bure. Ukiombwa pesa, uliza ni ya nini na udai risiti.

Siku 90 zikishapita, komini haiandiki tena hivi hivi. Inabidi kwanza upate hukumu ya tribinali inayoshika nafasi ya tangazo, ndipo afisa wa etasivili aandike akti. Utabeba karatasi zilezile, mashahidi, pesa za gharama, na utafunga meza zaidi ya siku moja. Hata hivyo usikate tamaa: cheti cha matenite kikiwa bado safi, jaji ana ushahidi wa tarehe na mahali mtoto alipozaliwa. Kitunze katika plastiki, mbali na unyevu wa masika.