Nyota Amerudi Kutoka Jeraha: Jinsi Ninavyompima Mpigaji Kabla ya Kumchukua kwenye Fantasi ya Besiboli

Tarehe 23 Mei 2025 Ronald Acuña Jr. wa Atlanta Braves alirudi uwanjani baada ya kukaa nje karibu mwaka mzima. Mpira wa kwanza aliorushiwa aliuchapa ukaenda zaidi ya mita 140. Usiku uleule nikatoa wachezaji wawili wazima kwenye ligi yangu ya fantasi, mchezo ambao kila mtu anaunda timu ya wachezaji halisi na kushindana kwa takwimu zao, ili nimpate. Nilikuwa namtaka kwa ajili ya kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, maana mwaka 2023 aliiba 73. Msimu ulipoisha alikuwa ameiba 9. Homurani, yaani mipira anayoipiga ikavuka uzio, zilikuja kama kawaida, lakini kwenye safu ya besi (kila takwimu tunayoshindania ni safu yake) nikashika mkia.

Tangu hapo simnunui nyota anayerudi kwa jina lake. Nampima kiungo kwa kiungo, safu kwa safu. Mwongozo huu ni wa ligi za safu tano tulizozizoea: homurani, mikimbio (alama anazofunga mwenyewe), mikimbio aliyowaingizia wenzake, besi alizoiba na wastani wa kupiga.

Hatua ya 1: Ulizia kiungo, kisha ulizia upande

Kuambiwa "goti" hakutoshi. Acuña amechanika ACL, ligamenti inayoshikilia goti kwa ndani, mara mbili: goti la kulia Julai 2021, la kushoto Mei 2024. Yeye hupiga kwa mkono wa kulia. Kwa hiyo mguu wa kulia ndio wa nyuma, ule anaouegemea kabla ya kulizungusha rungu, na wa kushoto ndio wa mbele.

Sasa tazama yaliyofuata. Mwaka 2021, kabla ya kuumia, alikuwa na homurani 24 katika mechi 82. Aliporudi 2022 alipata 15 katika mechi 119. Nguvu ilishuka sana, lakini besi aliiba 29. Mara ya pili mambo yakageuka: mwaka 2025 alipata homurani 21 katika mechi 95 tu, na besi ndizo zikakauka. Mtu ni yuleyule na jeraha ni la aina ileile, ila safu iliyoumia si ileile. Ninavyoona mimi, mara ya kwanza mguu wa nyuma ndio ulimnyima nguvu. Mara ya pili nguvu ilikuwepo, lakini mtu aliyechanika magoti yote mawili hana sababu ya kujirusha chini kila siku kwa ajili ya besi moja.

Viungo vingine kwa ufupi. Mfupa mdogo wa kiganja ukivunjika na kuondolewa, mpigaji hurudi mapema lakini nguvu hukawia kumfuata. Misuli ya ubavu ndiyo inayonitisha zaidi, kwa kuwa kila pigo linaizungusha na ni rahisi kujitonesha. Kidole cha mguu au kifundo hupunguza kasi kwanza.

Hatua ya 2: Hesabu mechi, na umhesabu pia mbadala

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanasema "amekosa theluthi ya msimu, thamani yake imeshuka theluthi." Si kweli, kwa sababu alipokuwa kwenye orodha ya majeruhi nafasi yake kwenye timu yako ilikuwa na mtu mwingine, yaani mbadala.

Chukua mfano. Msimu una mechi 162. Nyota wako anarudi baada ya mechi 50, na ukitoa siku za kupumzishwa atacheza kama 95. Akipiga homurani moja kila mechi nne na nusu, anakupa 21. Mbadala uliyemwokota bure, mwenye moja kila mechi nane, anakupa 6 katika zile 50. Nafasi hiyo imekuletea 27. Mchezaji mzima wa daraja la kati, mechi 150, homurani moja kila mechi sita, anakupa 25.

Rudia hesabu hiyo kwa kila safu. Kwenye besi usitumie kasi yake ya zamani. Kama jeraha ni la mguu, mimi huanza na theluthi moja ya alichokuwa akiiba, nikipandisha nikishaona kwa macho.

Hatua ya 3: Fuatilia mechi za daraja la chini

Kabla ya kurudi, mpigaji hupelekwa timu ya chini kujaribiwa, kwa muda usiozidi siku 20. Takwimu zake huko usizijali. Warushaji si wale. Angalia kama amecheza siku mbili mfululizo, kama amesimama ulinzini au anapiga tu, na akifika besi ya kwanza kama anajisogeza mbali nayo au anaganda palepale.

Akisharudi ligi kuu, fungua tovuti ya takwimu ya Baseball Savant, ni bure. Tazama kasi ya mbio: wastani wa ligi ni futi 27 kwa sekunde, na 30 ni ya wachache mno. Tazama pia kasi ya rungu. Linganisha na mwaka wake wa mwisho akiwa mzima, usimlinganishe na wenzake.

Hatua ya 4: Usinunue siku ya shangwe

Bryce Harper wa Philadelphia alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Novemba 2022, akarudi Mei 2, 2023, siku 160 tu baadaye. Hadi mapumziko ya katikati ya msimu alikuwa na homurani 3. Wenye naye walikata tamaa. Alimaliza na 21, na juu ya hapo Julai akaanza kucheza besi ya kwanza, nafasi mpya kabisa ambayo aliyekuwa naye kwenye fantasi angeweza kumpanga.

Kwa hiyo jeraha likiwa la mkono, subiri wiki sita hivi, kisha peleka ombi wakati mwenye naye amechoka kungoja huku wastani wa kupiga ukiwa bado mzuri. Wa Harper ulikuwa mzuri muda wote. Mpira alikuwa anaugusa vizuri, ulikuwa haujaanza kuruka tu.

Hatua ya 5: Mbadala usimwachie upesi

Acuña huyohuyo alirudishwa kwenye orodha ya majeruhi mwishoni mwa Julai 2025, safari hii mguu wa kulia ukimbana upande wa nyuma. Aliyekuwa ameshamwachia mbadala wake alimkuta kwenye timu ya mtu mwingine. Mbadala mweke benchi angalau wiki mbili baada ya nyota kurudi, na kama nafasi haitoshi, toa mrushaji wako wa mwisho kwanza.