Kabla ya Kubadilisha Mitambo ya Kutoa Maji Mgodini: Mambo ya Kuzingatia katika Tathmini ya Mazingira

Mradi wa kubadilisha mitambo ya kutoa maji mgodini huandikwa mara nyingi kana kwamba ni matengenezo ya kawaida: pampu imechakaa, inaletwa nyingine, kazi inaendelea. Kwa sababu hiyo tathmini ya athari kwa mazingira hufanywa juu juu, au huachwa kabisa. Usikubali. Mgodi unaotoa maji kwa miaka mingi umekwisha kubadilisha mwenendo wa maji ya ardhini katika eneo lote linalouzunguka, na linaloigusa pampu huvigusa pia visima na vijito vya watu wasiowahi kuliona lango la mgodi.

Anza kwa kupima hali iliyopo kabla fundi hajalegeza hata boliti moja. Pima kina cha maji katika visima vya jirani, wingi wa maji yanayotoka mgodini, na ubora wake: pH (kipimo cha ukali wa asidi), salfeti, chuma, manganizi, zinki na aseniki, bila kusahau naitreti na amonia zinazotokana na mabaki ya baruti. Vipimo vya msimu mmoja havitoshi. Chukua vya wakati wa mvua na vya kiangazi.

Jengo la zamani likaguliwe kabla ya kubomolewa, kwa kuwa paa na gasketi zake huenda zina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na transfoma huenda zina mafuta yenye PCB, kemikali za sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001, unaohusu sumu zinazodumu katika mazingira, uliweka mwaka 2025 kuwa ukomo wa kuzitumia katika vifaa. Matangi ya dizeli yajengewe ukuta wa kuzuia mafuta yanayomwagika. Kelele na vumbi vya ujenzi havisahauliki katika ripoti yoyote, kwa hiyo siviongezei neno.

Uliza pampu mpya itatoa maji kiasi gani ikilinganishwa na ya zamani. Ikitoa zaidi, maji ya ardhini yatashuka na visima vya pembezoni vinaweza kukauka. Ikitoa kidogo, au bomba likielekezwa kwingine, kijito au ardhi oevu iliyozoea kulishwa na maji hayo itapungukiwa, na hapo ndipo utakuta mashamba na mifugo ambayo ripoti haikuitaja.

Sasa shika jambo hili kuliko yote: kipindi cha kati ya kuzimwa kwa pampu ya zamani na kuwaka kwa mpya. Niliwahi kusoma ripoti ya mgodi mmoja iliyosema kwamba, kwa kuwa mitambo miwili ina uwezo ule ule, hakuna athari mpya. Ratiba ilitenga muda mfupi wa kubadilisha. Kifaa kimoja kikachelewa kufika, na maji yakapanda taratibu hadi kwenye mahandaki yaliyokuwa makavu kwa miaka. Katika mahandaki kama hayo madini ya pairiti, yenye chuma na salfa, hukutana na hewa na unyevu, yakatengeneza asidi ya salfuriki na chumvi za metali zinazoganda ukutani. Maji yakifika, chumvi hizo huyeyuka zote kwa mkupuo. Siku pampu mpya ilipowashwa, mitambo ilifanya kazi vizuri kabisa, lakini maji yaliyotoka hayakuwa yale yaliyopimwa kwenye ripoti. Yalikuwa na rangi ya kutu, bwawa la kutulizia tope halikuyamudu, na kijito kilibadilika rangi hadi mahali akina mama walikokuwa wakichota maji ya nyumbani. Samaki walielea. Hakuna aliyekuwa amewaonya watu wale, kwa sababu kwenye karatasi hapakuwa na cha kuwaonya.

Hilo halikuwa ajali isiyotabirika. Huko Cornwall, Uingereza, mgodi wa bati wa Wheal Jane ulifungwa mwaka 1991 na pampu zikazimwa. Januari 1992 maji yenye asidi na metali yalifurika hadi Mto Carnon na mlango wa mto Fal. Huko Butte, Montana, Marekani, pampu zilizimwa mwaka 1982 na shimo la mgodi wa shaba la Berkeley likaanza kugeuka ziwa la asidi, ambamo mamia ya bata bukini walikufa mwaka 1995. Migodi hiyo ilikuwa imeacha kabisa kutoa maji, lakini kemia haiulizi kama pampu imezimwa daima au kwa muda tu.

Kwa hiyo dai kwamba pampu ya zamani ibaki ikifanya kazi mpaka mpya ithibitishwe. Ikishindikana, ripoti itaje kina ambacho maji hayaruhusiwi kukivuka, pampu ya akiba itakayotumika, na nani mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Maji ya mwanzo yapelekwe kwenye bwawa maalumu, yatiwe chokaa, yapimwe, ndipo yaachiliwe. Tope lililolala chini ya shimo la kukusanyia maji liondolewe mapema, maana pampu yenye nguvu zaidi italitibua. Watu wa bondeni wapewe taarifa kwa lugha yao, na maji mbadala yawe tayari kabla ya siku ya kuwasha.

Angalia pia umeme utatoka wapi ukikatika, valvu za kuzuia maji kurudi, bomba linapokatiza barabara au mkondo, na mkandarasi akiondoka nani ataendelea kupima visima. Vipimo viendelee angalau msimu mmoja kamili wa mvua baada ya makabidhiano, na matokeo yake yawafikie wanaokunywa maji hayo, si ofisi ya mgodi peke yake.